Sanduku Lililogoma Kutembea Juu ya Majani

Fundi Projesti, niliyemwachia meza yangu ya kazi pale gereji mjini Bukoba, ameniomba niwaandikie ninyi vijana mambo niliyoyaona kazini. Nadhani alitegemea habari za injini. Injini mtazijua tu, maana ikiharibika haikai kimya. Mimi nitaandika zaidi habari za sanduku la vifaa, kwa sababu nilipokuwa na umri wenu hakuna aliyenieleza lolote juu yake, na mgongo wangu ukakiona cha moto. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo mwulizeni karani.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa kanzu ya kanisani. Nilidhani kazi ya magari ya Wazungu inataka heshima. Tajiri, Mhindi mpole mwenye masikio makubwa, aliitazama ile kanzu, akatazama sakafu iliyojaa oili, akanionyesha kwa kidevu mtu aliyekuwa chini ya lori. Huyo alikuwa Fundi Kasongo, mwenyeji wa Tabora, aliyejifunza magari katika vita ya kwanza, ile ya Wadachi. Kiswahili chake kilikuwa kikikimbia, na mimi niliyetoka moja kwa moja kwenye Kihaya nilikuwa nikikifuata kwa nyuma nikihema.

Kasongo hakunipa spana. Alifungua sanduku lake, akaniambia nilitazame mpaka nishibe. Niliposema nimeshiba, akanifunga macho kwa kitambaa kinachonuka petroli.

"Nipe bisibisi fupi," akasema.

Nikampa.

"Hii ni tupa. Rudisha. Nipe bisibisi fupi."

Tulifanya hivyo mpaka jioni, na gari sikuligusa. Nilipofika nyumbani mama aliniuliza kazi gani niliyopewa. Nikamwambia nimeajiriwa kutia mkono ndani ya sanduku. Akauliza ni nani kati yetu mwenye wazimu, mimi au walioniajiri.

Lakini Kasongo alijua anachofanya. Ukiwa umelala chini ya lori, tope linakudondokea machoni, huna nafasi ya kutazama. Mkono lazima ujue wenyewe pa kwenda. Kila kitu ndani ya lile sanduku kilikuwa na kitanda chake: nyundo na tindo chini kabisa, spana zimelala kwa ukubwa, koleo upande wa kulia, na ile spana ya kukaza na kulegeza, ambayo ninyi mnaiita jina nisiloweza kuliandika kwa kuwa mchungaji anaweza kuisoma karatasi hii, mahali pake pembeni, peke yake. Kitu kilirudi kikiwa kimefutwa. Ukirudisha kichafu, Kasongo alikitoa tena bila kusema neno na kukuwekea mapajani.

Ubaya wa sanduku hilo ulikuwa mmoja tu, uzito. Lilikuwa la mvule, limepigwa chuma pembeni, na lingefaa kubebwa na watu wawili. Kasongo alisema gari lililokufa njiani halingoji mtu wa pili. Kwa hiyo nililibeba mimi. Lori likikwama kwenye mpando wa Rwamishenye, nililitwika kichwani nikapanda nalo. Likifa upande wa Kemondo, tulipanda lori jingine mpaka karibu, kisha nikalibeba sehemu ya njia iliyobaki. Shingo yangu ilinenepa hata kola ya Jumapili ikakataa kufunga, na mke wangu Leonida, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba, akasema anaolewa na ng'ombe wa kulimia.

Kasongo alipozeeka na kurudi Tabora aliniachia sanduku na vyote vilivyomo. Tulikwenda naye gatini. Alikuwa amebeba kifurushi cha nguo tu, mikono yake hajui aiweke wapi. Akaniambia, "Vifaa hivi usiwape watu wanaotupa vitu." Alipanda meli akilia, nami nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Kati ya kazi ngumu zote nilizofanya nitaandika moja, maana mtaihitaji mbele. Ilikuwa wakati wa vita ya pili. Mipira ya ndani ya matairi haikupatikana hata kwa kuomba. Nilikuwa natoka Muleba na lori la kahawa, na meli ilikuwa Bukoba ikipakia. Si mbali na nyumbani kwangu mpira ukapasuka. Nilikuwa nimeshauziba viraka mpaka mpira wenyewe hauonekani. Dereva akakaa kando ya njia akaanza kuhesabu dhambi zake.

Leonida alikuwa akirudi kutoka rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi, amejitwika tita la majani ya kutandika nyumbani. Anayeisoma habari hii bila kuwahi kufika kwetu ajue kwamba nyumba ya Mhaya haikai na sakafu tupu. Tunatandika majani mabichi, laini, yenye harufu nzuri, na mgeni anavua viatu kabla ya kuyakanyaga. Nililitazama tita, nikalitazama tairi.

"Ma Leonida," nikasema, nikimwita kwa heshima ya kwetu, "lete hayo."

"Haya ni ya sebuleni," akajibu.

"Leo sebule ni hii."

Alinicheka, lakini akalitua. Tulilijaza tairi majani. Mara ya kwanza tuliyatia ovyo, gari likaenda hatua chache tairi likalala kama ulimi. Tukayatoa. Mara ya pili Leonida aliyalowesha maji kidogo, tukayasokota mikamba mikamba, yeye anasukuma kwa kisigino na mimi nashindilia kwa mtaimbo, mpaka tairi likawa gumu kama gogo. Tuliingia Bukoba polepole tukinuka kama zizi, na meli ilikuwa haijaondoka. Tajiri aliuliza nimepata wapi mpira. Nikamwambia nimeutoa rweya.

Miaka ikaenda. Magari yakawa mapya, spea zikaanza kuja, hendeli za kuwashia zikapungua, na sanduku likabaki lilelile. Siku moja Kemondo nililishusha kutoka kwenye lori nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Sikuanguka. Nilibaki nimeinama vilevile, siwezi kupanda wala kushuka. Wapita njia wawili wakaja wakainama nami, wakanisaidia kwa muda mrefu kutafuta nati waliyodhani nimeidondosha.

Daktari wa misheni alinibonyeza huku na huku, akasema nisinyanyue tena kitu chochote kizito kuliko Biblia. Nikamwuliza, kubwa au ndogo. Hakucheka. Ndivyo nilivyostaafu.

Nilirudi Muleba na sanduku langu, nikajenga kibanda pembeni mwa nyumba, nikakiita gereji. Nilidhani nitakaa nacho kama picha ukutani. Lakini watu wana macho. Huyu analeta baiskeli, yule mashine ya kumenyea kahawa, katekista analeta pikipiki yake inayokohoa kuliko yeye. Kazi ilikuwa ya kukaa, niliiweza. Shida ilikuwa sanduku. Kazi moja iko mlangoni, nyingine uani, nyingine kivulini penye migomba, na vifaa haviji kwa kuitwa. Leonida alinikuta nimeinama nalo.

"Weka chini," akasema. "Mimi usiku sikukandi tena mgongo kwa ajili ya vyuma. Ama hayo madude yako yapate miguu yatembee yenyewe, ama yaende mjini kwa wenye mgongo. Nakupa mpaka kahawa ianze kuiva."

Nilijua hatanii. Projesti alikuwa ameshaniambia kwamba gereji itavinunua vifaa vyangu siku yoyote nitakayotaka. Nikampelekea habari: kahawa ikianza kuiva na mimi sijapata njia, aje na lori avichukue. Niliisema kwa sauti ya mtu asiyejali. Ukweli ni kwamba niliumia. Nikiviachia, nitakuwa mzee wa kukaa kibarazani nikiulizwa habari za mvua, na mkono wangu, uliojifunza mahali pa kila spana, utakaa bila kazi. Pia niliogopa kwamba vitaangukia kwa watu wanaotupa vitu.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta sanduku lenye magurudumu, la bei ya mtu aliyestaafu. Hapa sikilizeni vizuri, maana siku moja nanyi mtatafuta.

Kwanza nilikwenda duka la vyuma mjini. Walikuwa nalo moja kutoka Ulaya, la bati la kijani, lina droo zinazoteleza kama siagi. Nilimwomba muuzaji ruhusa ya kutia vifaa vyangu. Alidhani namtania. Nikaweka nyundo kubwa na tindo kwenye droo ya juu, nikaivuta. Droo ilitoka, ikainama, ikakataa kurudi.

"Kwenye picha ya tangazo haina nyundo ndani," muuzaji akasema kwa uchungu.

Msijaribu kamwe droo ikiwa tupu. Droo tupu zote ni nzuri.

Pili kulikuwa na mnada wa vitu vya Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Hapo niliona sanduku zuri kuliko yote niliyowahi kuona, la mti mweusi lenye pembe za shaba. Nililizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha nikaona wanaume wanne wakilisogeza likiwa halina kitu ndani, nikavaa kofia yangu nikaondoka. Sanduku lisiwe zito kabla hujaanza.

Mwisho nilikwenda kwa seremala mmoja wa Rwamishenye, mtu wa pwani aliyeoa kwetu. Tulikubaliana fremu iwe ya mvule na kuta ziwe za mbao nyepesi za makasha. Chini mlango mmoja wa vitu vizito, juu droo, na kifuniko chenye ukingo ili nati zisiviringike. Njia za droo alizipaka nta ya mshumaa. Yeye droo anaiita mtoto, kama watu wa kwao wanavyosema mtoto wa meza. Nilipomwambia Leonida kwamba sanduku letu litakuwa na watoto wanne, alisema hao angalau hawatalia.

Magurudumu tuliyapata kwenye kitanda cha chuma kilichovunjika, vigurudumu vinne vidogo vinavyogeuka kila upande. Seremala alikuwa na sakafu ya saruji. Tulilijaza sanduku mawe tukalisukuma. Lilikwenda kama panya. Yeye akalisukuma kwangu, mimi nikalirudisha kwake, wazee wawili tunacheka, na wateja wake wamesimama mlangoni wanatutazama. Bei ilikuwa ya kuvumilika. Nilipakia sanduku kwenye lori la Muleba nikiwa na furaha kubwa, maana kila kitu nilikuwa nimekijaribu.

Nilipofika, Leonida alikuwa ananisubiri mlangoni pa kibanda. Alikuwa ameamka mapema, amekwenda rweya na kurudi. Kibanda kizima kilitandikwa majani mabichi, manene, yamelazwa upande mmoja vizuri kama tunavyofanya arusi inapokuja. Vijana wawili wa jirani walishusha sanduku. Leonida akalikaribisha.

"Nyegera waitu," akaliambia, akacheka.

Wakaliweka juu ya majani. Nikalisukuma. Halikwenda. Vile vigurudumu vilizama, majani yakajisokota kwenye ekseli zake, na sanduku likasimama pale kama mbuzi aliyekataa kamba. Maisha yangu yote nimekwamua magari, na sikufikiri hata mara moja kwamba sakafu ya seremala si sakafu ya kwangu.

"Itabidi tuyatoe haya majani," nikasema.

Uso wa Leonida ulibadilika. "Mahali anapokaa mume wangu pawe patupu kama banda la mbuzi? Watu waje waseme Ma Leonida amechoka?"

"Chini ya majani ni udongo. Hata tukiyatoa, mvua ikinyesha vigurudumu vitazama tu," nikajibu, na hapo nikagundua kwamba nimejimaliza mwenyewe.

Kahawa nayo ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Projesti alituma neno kwa dereva wa lori kwamba atafika Jumamosi. Nilijaribu kulisukuma sanduku kwa nguvu, kiuno kikanishika, nikakaa palepale kwenye majani. Nati niliyokuwa nayo mkononi ilidondoka, nayo majani yakaimeza.

"Basi," nikasema. "Aje avichukue."

Leonida alipiga magoti akaanza kupapasa majani kutafuta ile nati. Alitafuta taratibu, na alipoipata aliifuta kwenye kanga yake kabla ya kunipa.

"Unayachukia majani haya," akasema. "Siku ile ya lori hukuyachukia."

Nilikuwa nimefungua mdomo kujibu vibaya. Nikaufunga. Lori liliwezaje siku ile? Majani yaliyotiwa ovyo yalilala, yaliyoshindiliwa yalibeba kahawa mpaka gatini. Na tairi lilikuwa pana, lenye kimo. Vigurudumu vyangu vilikuwa vya kitanda, na kitanda hakina safari. Nilianza kucheka peke yangu, kiuno kinauma na mimi nacheka.

Kesho yake nilipanda lori kwenda Kemondo, kwa mfanyabiashara mmoja wa vyuma chakavu. Nyuma ya duka lake kulikuwa na kigari cha kubebea mizigo kilichovunjika mgongo kama mimi, lakini magurudumu yake manne yalikuwa mazima, yenye matairi mapana. Mipira ya ndani ilikuwa imeoza, kwa hiyo hakuna aliyekitaka. Pampu ya petroli ya yule mfanyabiashara ilikuwa imegoma. Niliitengeneza nimekaa kwenye kiti, yeye akanipa magurudumu pamoja na ekseli na mkono wa kuvutia.

Ijumaa tuliyajaza majani. Leonida aliyalowesha, tukayasokota mikamba kama zamani, yeye kwa kisigino, mimi kwa mtaimbo, nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Alisema tu kwamba safari hii asisikie mtu anasema leo sebule ni hii. Vijana wa jirani wakanifungia ekseli chini ya sanduku, ya mbele ikigeuka kufuata mkono wa kuvutia. Sanduku likapanda juu mpaka droo zikafika usawa wa kiuno changu. Hilo sikuwa nimelipanga. Nilikuwa nimetafuta kitu kisichonyanyuliwa, nikapata kitu ambacho hata kukiinamia si lazima.

Nilishika mkono wa kuvutia nikavuta kidogo, nikiogopa. Lilikuja. Lilipita juu ya majani bila kuyachimba, likanifuata mpaka mlangoni. Nikalivuta tena mpaka uani, nikapita nalo katikati ya migomba, juu ya majani makavu na vikonyo, nikarudi. Leonida alilisukuma kwa vidole vya mguu, likaenda. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo aliosahau kwamba ameubeba.

Jumamosi Projesti alifika na lori na wabebaji wawili. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye majani, Leonida akamletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, naye akatafuna zile buni huku macho yake yakizunguka kwenye lile sanduku.

"Ta Zakaria," akaniambia, "hili ni gari."

"Ni sanduku."

"Vifaa viko ndani?"

Nilimwambia anifunge macho. Alidhani nimezeeka, lakini akatoa kitambaa. Akaomba bisibisi fupi, nikampa. Akaomba tupa, koleo, spana ya namba aliyoitaka, nikampa. Kila kitu kilikuwa na kitanda chake kipya na mkono wangu ulikuwa umeshavijua. Alipoomba ile isiyotajwa mbele ya mchungaji, Leonida aliguna, nikampa hiyo pia.

Projesti alinifungua macho.

"Basi huuzi," akasema.

"Siuzi."

"Na mimi nimekuja na lori bure?"

"Si bure. Tangu unaingia nimesikia springi yako ya nyuma inalia. Itakatika kabla hujafika Kemondo."

Alivaa viatu akaenda kuitazama, akakuta jani moja la springi limeshapasuka. Akaingia mwenyewe chini ya lori, na wale wabebaji wakapata kazi ya jeki. Mimi nilivuta sanduku kwa mkono mmoja kutoka kwenye kibanda mpaka kwenye lori, nikakaa kwenye kigoda, nikawa nampa anachotaka kabla hajamaliza kukitaja. Kila kilichorudi kilikuwa kimefutwa. Kimoja kilirudi kichafu, nikakiweka kifuani pake bila kusema neno. Alikifuta. Hapo ndipo aliponiomba niwaandikie ninyi.

Siku ikifika nami nitampa yeye vyote, pamoja na sanduku, na nimemwambia hivyo. Lakini si sasa. Asubuhi naamka mgongo hauumi, natandika kitanda mwenyewe, Leonida ananitania kwamba nimepata mke wa pili anayevutwa kwa mkono. Majani ya kibandani anabadilisha yeye, na yale yanayolegea kwenye matairi nashindilia mimi. Lile sanduku la Kasongo liko pembeni mwa mlango, kifuniko wazi. Leonida amelitia majani pia, na kuku wetu mwekundu ameatamia humo. Hakuna anayelibeba.